Sindbadi na Chombo cha Wareno

Picha yenyewe, The 7th Voyage of Sinbad, ilitengenezwa mwaka 1958. Unguja ilichelewa kidogo kufika, na ilipofika ilikuwa msimu wa kaskazi. Msimu naukumbuka kwa sababu ya watu waliokuwa ukumbini. Pale Majestic, Vuga, viti vya mbele ambavyo siku zote vilikuwa vyetu sisi watoto vilikamatwa na mabaharia wa Sur na wa Ghuba, ambao majahazi yao yalikuwa yametia nanga Malindi. Walisikia kuna picha ya Sindbadi, na Sindbadi kwao ni mtu wa nyumbani. Muulize Muomani yeyote, atakwambia kazaliwa Sohar.

Mimi nilipelekwa na mjomba wangu, nahodha aliyekuwa akileta boriti kutoka Rufiji. Taa zikazimwa, muziki wa Bernard Herrmann ukanguruma, chombo cha Sindbadi kikatokea katika ukungu wa usiku. Hapo hapo kule mbele wakaanza kucheka. Tanga la mraba, tezi limenyanyuka kama ghorofa, na hakuna hata foromali moja ya kwetu. Mjomba akaniinamia: "Hichi si chombo cha Muarabu, mjomba. Hawa Wareno."

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba sehemu za chomboni zilipigwa bandarini Barcelona, juu ya mfano wa Santa María, merikebu ya Christopher Columbus. Mjomba alikosa kwa mpaka mmoja tu.

Kisha likatoka lile zimwi la jicho moja, mdomoni mwa pango, na kicheko kikakatika. Lilikuwa na pembe moja kichwani na miguu ya mbuzi, yenye kwato. Liliwakamata mabaharia kama mtu anavyookota maembe, akatiwa mmoja kwenye kijiti cha kuchomea, na zimwi likakaa kitako kumgeuzageuza juu ya moto huku likilamba midomo. Baharia mmoja wa Kisuri alikuwa akisoma dua kwa sauti. Watu waliokikataa chombo dakika kumi nyuma hawakulikataa zimwi.

Tangu siku ile nimeshikilia rai moja kuhusu picha za majini na mazimwi: mtazamaji hadanganyiki kwa anachokijua, ila kwa asichowahi kukiona atakupa imani yake yote, maadamu umekitengeneza kwa adabu. Na Ray Harryhausen, fundi aliyelitengeneza zimwi lile, alikuwa na adabu hiyo. Zimwi lake lilikuwa mwanasesere wa mpira mwenye mifupa ya chuma ndani, anayesogezwa kidogo kwa mkono, anapigwa picha moja, anasogezwa tena. Sekunde moja ya sinema inataka picha 24. Nyuma yake kulikuwa na kiwambo kinachoonyesha waigizaji waliokwisha kupigwa picha Hispania, na sehemu ya mbele ikafunikwa kwa rangi nyeusi kwenye kioo, ikapigwa kwa zamu ya pili, ndipo zimwi likaonekana limesimama katikati ya watu. Miguu ya mbuzi nayo aliiweka kwa makusudi, asije mtu akadhani ni mwanadamu aliyevalishwa ngozi. Hiyo ndiyo akili ninayoisifu: umbo lenyewe linajibu shaka kabla hujaitia.

Jini halikutupata. Lilikuwa mtoto mwenye sura ya Kimarekani, jina lake Barani, linatoka kwenye taa na moshi wa rangi. Kwa watu wa Unguja, ambao kila mmoja ana shangazi anayejua jini la kweli linataka nini, lile lilikuwa kichekesho.

Lakini kile kiunzi cha mifupa! Kina ngao na upanga, kinampandisha Sindbadi ngazi za kuzunguka. Kerwin Mathews, aliyemwigiza Sindbadi, alijifunza pambano lile na mwalimu wa upanga, kisha mbele ya kamera akapigana na hewa tupu, na macho yake hayakupotea mahali. Nchini Uingereza wakaguzi walilikata pambano hilo wakihofia watoto. Sisi tuliliona, na kwa wiki nzima hakuna aliyekubali kupita peke yake karibu na makaburi ya Mwembeshauri.

Jason and the Argonauts, picha nyingine ya Harryhausen, ni ya mwaka 1963, na ilipofika kwetu Mapinduzi yalikuwa yamekwishapita. Mabaharia wa Sur hawakuwapo tena ukumbini. Humo viunzi ni saba, na mmoja wao ni yule yule wa Sindbadi aliyerudishwa kazini. Pambano la dakika chache lilimchukua Harryhausen miezi minne na nusu. Kwangu mimi, hata hivyo, bora ni Talos, jitu la shaba. Watu husema anasogea kwa kukwamakwama. Ndivyo alivyotakiwa! Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta mwendo laini, hapa akautafuta ugumu, na kila shingo ilipogeuka ukasikia shaba ikilia. Talos alipokiinua chombo mkononi na kukitikisa, mjomba alishika kiti cha mbele yake. Tukitoka nje akasema jitu halina neno, ila hakuona mtu hata mmoja anayefua maji.

Wajukuu zangu wananionyesha mazimwi ya kompyuta, nami siyadharau. Dinosaria wa mwaka 1993 walinitoa jasho. Ila Clash of the Titans nimeziona zote mbili. Dubwana la baharini la 1981, kazi ya mwisho kubwa ya Harryhausen, naweza kukuchorea sasa hivi, mikono yake minne na mkia wa magamba. Lile la 2010 lilijaza kiwambo kizima, na nilipomuomba mjukuu anichoree, alichora mawimbi.