Nyumba mpya, majirani wapya na vita ya sehemu ya kupaki

Ukienda kuulizia nyumba kwenye mradi mpya, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni mchoro. Nyumba zimepangwa kwa mistari, kuna miti, kuna watoto wanaendesha baiskeli, na mbele ya kila nyumba limechorwa gari moja. Gari hilo moja ndilo linalokuja kuleta maneno. Aliyechora hakumhesabu mke mwenye IST yake, wala shemeji anayebeba abiria wanaomwita kwa simu, wala kirikuu ya biashara ambayo lazima ilale nyumbani kwa sababu ikilala nje ya geti itaamka haina betri.

Ninaishi kwenye mradi wa namna hiyo upande wa Kigamboni, huu ni mwaka wa pili. Nyumba ni 42, geti ni moja, na kila safu ina njia yake ya vitofali katikati. Tulipohamia tulikuwa familia tisa. Wakati huo mtu aliweza kuacha gari katikati ya njia akaingia ndani kunywa chai, na hakuna aliyesema neno. Ugomvi ulianza nyumba zilipojaa.

Mmoja wetu aliweka ndoo mbili zilizojazwa zege mbele ya nyumba yake, kuzuia watu. Wa pili akaleta tairi kuukuu. Wa tatu akapanga mawe yaliyopakwa chokaa, kama ya mbele ya ofisi ya kijiji. Ndani ya mwezi mmoja safu yetu ilifanana na barabara inayotengenezwa. Ukitoka kazini umechoka, unateremka kwanza kuhamisha tairi la mtu, unapaki, na asubuhi unakuta picha ya namba za gari lako kwenye grupu la WhatsApp.

Grupu lenyewe lilianzishwa kwa ajili ya taarifa za maji na umeme. Likageuka uwanja wa vita. Saa tano usiku inaingia picha, chini yake maneno: "Mwenye gari hili ajitafakari." Inafuata sauti ya dakika nne. Halafu yanakuja mafumbo: kuna watu hawajazoea kuishi na wenzao, kuna watu walikuwa wapangaji jana wakapata nyumba leo, kuna watu gari lenyewe la mkopo. Watu wazima, wengine viongozi kwenye maofisi yao, wanarushiana vijembe hivyo kisha kesho yake wanapishana getini wametazama mbele kama askari wa gwaride.

Aliyeumia mapema kuliko wote ni mlinzi. Alipewa daftari na amri ya kutoruhusu magari ya wageni kuingia baada ya saa mbili usiku. Nilikuwepo jioni moja alipomweleza jirani yetu kwamba gari la mgeni wake lisubiri nje. Jirani akamuuliza kama anajua ile nyumba imenunuliwa kwa shilingi ngapi. Kijana akasema, "Samahani bosi," akafungua geti. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mshahara wake unachangwa na watu walewale anaotumwa kuwazuia.

Kisha ugomvi ukashuka kwa watoto. Jirani mmoja tunamwita Baba Mapacha, na nyumba inayotazamana na yake ina binti wa umri wa mapacha hao, miaka sita. Walikuwa watoto wa kuitana kila jioni. Baba zao walipokosana kwa sababu ya kirikuu, kila upande ukapiga marufuku kwenda kwa wenzao. Niliwaona siku moja wamechuchumaa, huyu ndani ya geti lao na wale nje, wanapitishiana vifuniko vya soda kwenye uwazi wa chini. Mama mmoja alipotoka, wakatawanyika kama wezi. Sijui mtoto wa miaka sita anaelewa nini anapoambiwa rafiki yake ni mbaya kwa sababu ya gari.

Nina binti wa miaka miwili, na kazi yangu ni kuandika habari za afya, kwa hiyo labda naona mambo ambayo mwingine hayamsumbui. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Tukisikia hivyo tunawaza barabara kuu na mabasi ya mikoani. Hatuwazi njia ya mbele ya mlango wetu. Mtoto wa miaka miwili ana urefu wa takriban sentimita 86. Akisimama nyuma ya Noah, dereva anayerudi rivasi akitazama kioo cha ndani anaona ukuta wa jirani tu. Na magari yakijaa pande zote mbili, watoto wanatokea katikati yake kama kuku, bila dereva kupata nafasi ya kuwaona mapema. Tunabishana ya nani ni nafasi ipi, na hao wanaotumia njia hiyo kutwa nzima hawana gari wala simu ya kulalamikia.

Usiku uliobadilisha mambo ulikuwa wa Ijumaa. Nyumba ya nne kutoka kwetu kulikuwa na kikao cha harusi, na mnajua vikao vya harusi: wajumbe 20, magari 15. Saa nne na kitu nikasikia mlango unagongwa kwa nguvu. Alikuwa mama wa nyumba ya kona, amembeba mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa na homa tangu mchana, sasa amekaza mwili, macho yamegeukia juu, mikono inarukaruka. Degedege. Wamekuja kwangu kwa sababu wanajua naandika habari za afya, ingawa mwandishi si daktari.

Mambo machache ninayoyajua kuhusu degedege la homa ndiyo tuliyoyafanya, na nayaandika hapa kwa sababu mzazi yeyote anaweza kuyahitaji usiku kama ule. Mtoto analazwa ubavu, mahali tambarare, ili mate au matapishi yasimpalie. Haingizwi kijiko wala kidole mdomoni. Habanwi kwa nguvu ili atulie. Hapewi maji wala dawa ya kunywa wakati ule. Unatazama saa, kwa sababu mara nyingi degedege la homa huisha lenyewe ndani ya dakika chache, na likipita dakika tano hiyo ni dharura kubwa. Hata likiisha, mtoto anapelekwa hospitali, achunguzwe homa inatoka wapi na apimwe malaria.

Kwa huyu liliisha kama dakika ya tatu. Baba yake alishawasha gari. Lakini nyuma ya gari lake kulikuwa na Noah ya mjumbe wa harusi, na nyuma ya Noah gari jingine. Tukakimbilia kwenye kikao. Muziki ukazimwa, watu wakaulizana, ikaonekana mwenye Noah ameondoka na mwenzake kwenda kuchukua vinywaji, na ufunguo uko mfukoni mwake. Wanaume wakajaribu kulisukuma, gari limefungwa breki ya mkono. Mlinzi ndiye aliyefanya jambo la maana: alikimbia nje akaita bajaji. Mama akaenda kwa miguu mpaka getini, kanga imemwanguka, mwanawe begani. Tangu agonge mlango wangu mpaka bajaji inaondoka zilipita dakika 22. Mtoto alilazwa usiku mmoja akarudi mzima.

Jumapili iliyofuata, kwa mara ya kwanza, karibu kila nyumba ilileta mtu kwenye kikao. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye alikuja, akanywa soda yake, akatuambia tumalize wenyewe kwa maelewano. Kwa wanaoishi kwenye maghorofa yenye wamiliki wengi kuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, inayowapa wamiliki chama cha kusimamia maeneo ya pamoja. Sisi ni nyumba za chini, kila moja na hati yake. Tulichonacho ni mstari mmoja kwenye mkataba wa mauziano, kwamba mnunuzi ataegesha gari sehemu iliyotengwa. Ukiwauliza waliojenga, wanakwambia sasa hayo ni yenu.

Mtu mmoja akaleta tepu. Hapo ndipo mjadala uligeuka. Njia yetu ina upana wa mita 5.5. Gari dogo lina kama mita 1.7. Yakipakiwa pande zote mbili inabaki mita 2.1, na hapo hujahesabu vioo vya pembeni. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5. Maana yake nyumba ikiwaka moto ndani kabisa ya safu, utapiga 114, watakuja, watasimama mwanzoni mwa safu na kuitazama. Watu walinyamaza. Hata yule wa ndoo za zege.

Tukakubaliana magari yapakiwe upande mmoja tu, kila gari liwe na namba ya simu juu ya dashibodi, na wageni wapaki kwenye kiwanja kilicho wazi nje ya geti. Mwenye kikao cha harusi atoe taarifa siku moja kabla. Hilo la harusi lilipita kwa makofi.

Lililokwama ni pesa. Ilipendekezwa kila gari la pili lilipiwe shilingi 20,000 kwa mwezi. Mimi nililipinga na bado nalipinga. Kwenye nyumba kadhaa gari la pili si anasa, ndilo linalolipa ada ya shule. Lakini mzee mmoja mstaafu, ambaye hana gari kabisa, aliinua mkono. Nilishampa shikamoo yake asubuhi, nikadhani atakuwa upande wangu. "Mwanangu," akaniambia, "ninachangia mlinzi sawa na wewe, na kila nikifungua mlango nakutana na bampa ya mtu. Kutokuwa na gari hakujanifanya nisiwe na mlango." Sikuwa na jibu zuri, na nikimfikiria silipati hata sasa. Suala la ada likaahirishwa.

Ni miezi mitatu. Ndoo za zege zimeondoka, tairi limebaki. Baba Mapacha na mwenzake wanasalimiana kwa honi, na binti wa upande wa pili amerudi kucheza, ingawa haingii ndani. Mlinzi amepewa amri kwa maandishi, yenye sahihi za watu saba, na anaionyesha kwa kila mtu hata asiyeuliza.

Ila wiki iliyopita malori mawili yamemwaga mchanga na kokoto kwenye kile kiwanja cha wageni. Mwenyewe amerudi, anajenga. Kikao ni Jumapili hii, saa kumi jioni.