Seli za mdogo wangu
Vitabu vya biolojia hupanga ngazi kwa utulivu: seli, tishu, ogani, mfumo, kiumbe. Hapa Juba mimi nimezisoma zaidi kwa mdogo wangu, mwenye selimundu.

Seli nyekundu ya damu ni laini, ya mviringo, haina hata kiini, na huishi siku 120 hivi. Zake hupinda kama mundu na kufa baada ya siku 10 hadi 20. Chanzo ni kidogo mno: katika mnyororo wa himoglobini, asidi amino moja imekaa mahali pa nyingine. Lakini seli ngumu huziba mshipa mwembamba, tishu iliyo mbele hukosa oksijeni, mfupa huuma, bandama huchakaa, na mwishowe ni mtoto mzima anayelia usiku.

Kitabu huishia kwenye kiumbe. Jeni haiishii hapo. Anayerithi nakala moja tu, kama baba na mama, hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, ndiyo maana imedumu katika nchi za mbu kama yetu. Darasani naielewa hesabu hiyo. Nyumbani siipendi.

Neno selimundu lilinisaidia. Kliniki walitutajia ugonjwa kwa Kiingereza tu. Mimi nikamfafanulia mama kwa Kiarabu cha Juba, nikamchorea chini kwa kijiti seli mbili, ya mviringo na iliyopinda. Aliitazama ile ya pili kwa muda mrefu, akauliza kama imetoka kwake. Nikamwambia imetoka kwake na kwa baba, sawasawa.