Mrija wa Shingoni, Mtihani wa Ndoa

Kwenye kicheni pati nilifundwa mengi: kumtunza mume, kuishi na mawifi, kupanga bajeti. Hakuna somo aliyeniambia kwamba siku moja mimi na mume wangu tungesimama nje ya wodi ya watoto mahututi, fomu ya ridhaa mkononi, na hatuelewani.

Binti yetu alikuwa na miezi minane. Bakteria walikuwa wameingia kwenye damu, presha imeshuka, mishipa ya mikono na miguu imenywea, kila sindano inagoma. Daktari akataka kumwekea mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingo, ncha yake ifike karibu na moyo. Mume wangu akakataa. Kwake, mtu akishawekewa mipira shingoni ndiyo basi tena.

Kusema ukweli, hatukusaidiwa na kelele. Tulisaidiwa na maswali. Kwa nini shingoni? Dawa za kupandisha presha ni kali, zikivuja kwenye mshipa mdogo zinaharibu nyama ya jirani. Ataumia? Atapewa dawa za kutuliza maumivu na za usingizi. Mshipa mdogo vile mnaupataje? Wanautazama kwa altrasaundi. Inaingia sindano, kupitia sindano unapita waya mwembamba, mrija unafuata juu ya waya, kisha waya unatolewa. Ni mbinu aliyoieleza daktari wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, mwaka 1953.

Na hatari je? Daktari hakutuficha: pafu kutoboka, damu kuganda, maambukizi. Ndiyo maana mrija ukishaingia wanapiga eksirei, na usipohitajika tena unatolewa haraka.

"Mke wangu, una uhakika?" aliniuliza.

"Sina. Ila kusubiri kunaniogopesha zaidi."

Akasaini.

Siku zilizofuata tulipeana zamu. Tulinawa mikono kila tunapomsogelea mtoto, na tuliwauliza wauguzi bila aibu kama wamesafisha kiungio cha mrija kabla ya kupitisha dawa. Siku ya sita mrija ukatolewa. Leo binti ana kialama kidogo shingoni, na mdomo haufungi!

Wapenzi wasomaji, ugonjwa wa mtoto haupigi hodi. Kubalianeni mapema nani atazungumza na daktari na nani atapokea simu za ndugu. Mkifika pale, ulizeni wote wawili, sikilizeni wote wawili, ndipo kalamu ishikwe.