Fundi Simu, Masoja Wake na Babu Aliyesema "Huyu Kashiba"

Kuna jamaa mmoja fundi simu pale Kariakoo, ukimpelekea simu yako iliyopasuka kioo kuna uwezekano mkubwa ukamkuta ameinamia mguu wa mdoli. Si mdoli wa kusuka nywele, la. Soja. Askari wa plastiki mwenye kombati, helmeti, mkanda wa risasi na bunduki nyembamba kama njiti ya kiberiti. Wateja wapya huwa wanaangaliana. Wa zamani wameshazoea, wanavuta stuli na kusubiri amalize goti.

Jamaa ana miaka 26 na kazi mbili. Moja inampa hela ya kula, nyingine inamla hela. Hiyo inayomla ni kurekodi video za kukagua midoli ya masoja, halafu kuibadilisha iwe kitu kingine kabisa. Mzigo anautoa Karume, kwenye mtumba wa vitu vya watoto. Wenzake wanapekua viatu na magauni, yeye anapekua mikono na vichwa, maana mtumba hauji mzima. Leo unapata kiwiliwili, mwezi ujao mguu, na kichwa Mungu akipenda.

Hata usipopenda midoli, video zake zinakukalisha. Anaanza na miguu. Anamsimamisha soja mezani bila kumshika, anahesabu mpaka kumi. Akianguka kabla ya kumi, alama mbili zimeondoka hapo hapo, hata sura iwe imechongwa vizuri namna gani. Halafu anasogeza viungo kimoja kimoja karibu na maiki mpaka usikie tk-tk-tk, kwa sababu kiungo chenye meno kinashika pozi, kilicholegea kitamwangusha soja usiku umelala ukadhani mwizi. Kisha macho: yote yanaangalia mbele, au jicho moja Ubungo na lingine Posta? Mwisho bunduki, na hapo ndipo jamaa anakuwa mkali kama mwalimu wa hesabu. Mletee Type 56 ya Kichina uiite AK ya Kirusi uone. Atakuvutia picha mpaka kilengeo cha mbele akuonyeshe kwamba cha Mchina kimezungukwa duara zima, cha Mrusi kimeachwa wazi juu.

Yeye ndiye aliyewafundisha wafuasi wake kwamba mambo haya yalishika kasi Marekani mwaka 1964, kampuni ya Hasbro ilipotoa G.I. Joe wa inchi 12, kama sentimita 30 hivi. Kampuni iliogopa kwamba wavulana hawatacheza na kitu kinachoitwa mdoli, kwa hiyo wakamtungia jina lingine la biashara na neno mdoli likawa mwiko. Mwaka 1966 Uingereza nayo ikawa na wake, Action Man. Ili watu wasimuige kirahisi, Joe alipewa kovu kwenye shavu la kulia. Dole gumba la mkono wa kulia nalo lilikuwa na ukucha upande usio wake. Ndiyo, kwa ndani. Baada ya kujua hilo huwezi tena kuangalia mkono wa Joe kwa amani.

Halafu mwaka 1965 akatoka Joe mweusi. Kichwa kilikuwa kile kile cha Joe mweupe, kimepakwa kahawia tu. Kwenye ile video jamaa anaweka picha mbili pembeni kwa pembeni, anakaa kimya sekunde kama tano, kisha anaendelea na habari za magoti.

Labda hizo sekunde tano ndizo zilizomuingiza kwenye kubadilisha. Ni kazi ya taratibu. Kichwa kikigoma kutoka unakitumbukiza kwenye maji ya moto, plastiki inalainika, kinachomoka kama kizibo. Ukivuta kwa hasira umevunja shingo. Rangi ya kiwandani anaifuta kwa asetoni ya kutolea rangi ya kucha, anayoiomba kwa dada wa saluni jirani, kwa pamba na haraka haraka, maana kuna plastiki ikiguswa na asetoni inayeyuka. Ana soja mmoja hana uso mpaka leo. Kiungo lazima kipigwe msasa kabla ya kupakwa, la sivyo rangi inaongeza unene, vinasagana, na inabanduka siku ya kwanza. Nguo anashona kwa shati jepesi lililochoka, kwa sababu jinzi kwenye mwili wa sentimita 30 inasimama kama bati. Akishamaliza anaichemsha kwenye chai ya rangi iliyokolea ili ionekane imevaliwa.

Sasa ishu yenyewe.

Ikaja oda. Mtanzania mmoja anayefanya kazi Muscat alitaka soja wa vita vya Kagera, zawadi kwa mzee wake aliyepigana huko. Laki nne, nusu mbele. Jamaa alijibu "nimekubali braza" kabla hajamaliza kusoma meseji. Laki mbili ikaingia saa kumi jioni, na kabla ya saa moja usiku ilikuwa kwa mwenye nyumba wa Mbagala, ambaye hapokei kodi chini ya miezi sita.

Kwa wadau waliozaliwa juzi: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaikalia ardhi yetu kaskazini mwa mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Kati ya tarehe hizo kuna watu wengi sana waliotembea, na makumi ya maelfu walikuwa mgambo, siyo wanajeshi wa kambini.

Jamaa akajenga. Alikuwa na kiwiliwili kizuri alichokitunza, kifua kama cha mcheza mieleka, mikono imejaa. Uso akauchonga upya kwa epoksi ya mafundi bomba, pua na midomo ya mtu wa huku, siyo Joe aliyepakwa kahawia. Bunduki ilikuwa Type 56 yenye singe ya kukunjia chini, ambayo jeshi na mtaa vyote vinaiita SMG. Mama yake alipoiona kombati mezani alitaka kuitupa. Mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba raia wasalimishe mavazi ya jeshi, na mama huwa hasahau tangazo. "Ndogo kubwa ni nguo za jeshi tu," akasema. Picha zikaenda Muscat, bosi akajibu kwa moto moto tupu, ile alama ya ndimi za moto, kama kumi.

Kilichobaki ni mkanda. Jamaa hakujua mkanda wa wakati ule ulikaaje, na kwa mtu anayewakatia wengine alama kwa sababu ya kilengeo, hilo lilimkosesha usingizi. Babu yake mzaa mama anakaa Chanika na alikuwa mgambo Kagera. Jumapili akamfunga soja kwenye taulo, akapanda daladala.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mume mwenzangu. Umeniletea nini leo?"

Babu alivaa miwani, akamshika soja kiunoni, akamgeuza huku na huku. Alikaa naye muda mrefu kiasi kwamba bibi alitoka jikoni kuangalia kuna nini.

"Huyu kashiba," babu akasema.

"Nini babu?"

"Kashiba huyu. Hajatembea huyu."

Na kuanzia hapo ule ukaguzi wa jamaa, wa magoti na mboni, ukawa wa kitoto. Babu hakugusa bunduki kabisa. Alibonyeza kifua kwa dole gumba akauliza hii nyama ilitoka wapi. Kundi lao, alisema, lilitembea na mvua, linalala na mvua, na kula ilikuwa ni pale chakula kikiwafikia. Swali la mkanda nalo likajibiwa, ila siyo kwa namna jamaa aliyotegemea: mkanda ulikuwa unatobolewa tundu jipya kwa msumari, kisha lingine, kisha lingine, kwa jinsi kiuno kilivyokuwa kinapungua. Kisha akaushika mkono wa kushoto wa soja, uliokunjwa ngumi.

"Huku kabeba nini?"

"Hajabeba kitu babu."

"Hakuna mtu alikuwa na mkono mtupu. Kama si cha kwako, cha mwenzako."

Jamaa alirudi Mbagala na taulo lake na hakula.

Kumkondesha mdoli ni kazi mbaya kuliko kumnenepesha. Ukiongeza, unaongeza epoksi tu. Ukipunguza, unakata plastiki yenyewe, na ndani kuko wazi. Usiku wa kwanza alipiga msasa kifua, amejifunga barakoa kwa sababu ya vumbi. Usiku wa pili akapitiliza, likatokea tundu pale penye mbavu. Akaliziba na epoksi kwa ndani, akachonga mbavu humo humo, na kwa bahati zikatoka vizuri kuliko angezipanga. Mapaja, mikono, shingo, vyote msasa. Suruali ikampwaya, akaiacha impwaye. Mkanda ukapata matundu matatu kwa sindano iliyopashwa moto. Mkono wa kushoto akaupa sufuria aliyoikunja kwa kopo la soda.

Alirudi Chanika mara mbili zaidi. Mara ya kwanza babu akasema kidevu kiwe chembamba. Mara ya pili masikio yatoke nje kidogo, na upande wa kushoto wa nyusi uwe chini. Sebuleni kwa babu kuna picha ya studio aliyopigwa akiwa kijana, bado ipo ukutani. Jamaa aliiangalia akiwa anapima. Babu kwenye ile picha ana kidevu kipana, masikio yamelala. Jamaa akaikunja karatasi ya vipimo, akachora kidevu alichoambiwa, hakuuliza.

Picha mpya zikaenda Muscat. Safari hii hakuna moto. Baada ya saa mbili ikaja sauti.

"Braza, huyu mbona kama mgonjwa? Mimi nimeagiza shujaa."

Jamaa akaeleza kuhusu kutembea, mvua, matundu ya mkanda. Bosi akasema mzee wake hakuwa hivyo na hatampelekea mzee wake kitu kama hicho siku yake ya kuzaliwa. Na tuwe wakweli, bosi naye hana kosa. Alilipia zawadi, hakulipia darasa la historia. Pengine mzee wake kweli hakuwa hivyo. Pengine alikuwa hivyo na hataki mtu amkumbushe.

Suluhisho lilikuwa rahisi, ndiyo kilichouma. Jamaa alikuwa na kiwiliwili kingine cha mieleka kwenye boksi la chaja. Kutoa kichwa, kukipachika pale, kumvisha kombati, kumpa bunduki, kazi ya jioni moja na laki mbili iliyobaki inaingia. Alichemsha maji. Akakaa na soja mkononi, anauangalia ule uso ambao sasa hakujua ni wa nani, ila alijua kuna mtu mmoja Chanika anayeujua. Maji yakapoa kwenye sufuria. Asubuhi mama yake akayatumia kupikia chai.

Akamwandikia bosi kwamba atarudisha advansi. Anairudisha mpaka sasa, elfu ishirini, elfu thelathini, kila akiuza kioo cha simu. Imebaki elfu themanini. Mafundi wenzake wanamwambia ni mjinga, na kwa hesabu za mwisho wa mwezi ni vigumu kuwabishia.

Soja mwenyewe alimkagua kwenye video kama anavyokagua wengine, bila upendeleo. Uso sawa. Bunduki sawa. Viungo vya bega vimelegea kwa sababu ya msasa mwingi. Alipomsimamisha na kuhesabu, soja alianguka kwenye saba, uzito wa ile sufuria umemvuta kushoto. Sita kwa kumi.

Kwa hiyo sasa anakaa Chanika juu ya redio ya babu, ameegemezwa ukutani. Babu hajawahi kusema amempenda. Bibi anasema asubuhi anamfuta vumbi kwa kona ya shuka. Wiki kadhaa zikapita ndipo babu akapiga simu, kitu ambacho hafanyi, huwa anabipu.

"Mume mwenzangu, zile buti siyo. Yule alivaa gambuti. Nyeusi. Moja ilikuwa imechanika hapa juu."

Jamaa akauliza ni ya mguu upi.

Simu ikakaa kimya mpaka akadhani salio limekwisha.

"Kushoto," babu akasema.

Tangu hapo ukimkuta Karume ameinama kwenye lile lundo la midoli, hatafuti tena vichwa. Anatafuta gambuti nyeusi za saizi ya dole gumba. Wiki iliyopita alipata moja, ya kulia.