Kabla ya Kununua Mtoto wa Mbwa, Mwone Mama Yake

Wiki hizi naulizwa habari za mbwa kuliko habari za ng'ombe. Fisi wameanza tena kuzunguka mazizi usiku, na kila mwenye mbuzi anataka mbwa wa ulinzi. Swali ni lile lile: "Bwana mifugo, nikanunue wapi?"

Kabla sijakujibu, nikusimulie kosa langu mwenyewe. Mimi ninayekuandikia haya niliwahi kununua vibaya, na aliyelipa zaidi hakuwa mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimekwenda mjini kikazi. Nikiwa stendi nasubiri gari la kurudi, akaja kijana na boksi la sabuni. Ndani kulikuwa na watoto watatu wa mbwa, weusi wenye mabaka ya kahawia. Akaniambia ni German Shepherd safi, wana miezi miwili, baba yao ni mbwa wa polisi. Masikio yalikuwa yamelala. Akasema, "Yatasimama tu, mzee." Nilitoa shilingi 150,000, nikapanda gari na boksi mapajani.

Nasema kweli, kama mfugaji yeyote wa kata yangu angenunua mtamba kwa namna hiyo, ningemkemea. Ningemuuliza: mama yake anatoa maziwa kiasi gani? Umeona alikotoka? Ana kadi ya chanjo? Lakini kwa mbwa sikuuliza hata moja. Nilijiambia, ni mbwa tu.

Nilipofika, watoto wa jirani yangu walikuja mbio. Walimbeba, wakamchezea, wakarudi kwao jioni. Jirani huyu ni mama mjane mwenye mbuzi kumi na wawili, na mbwa wake jike wa kienyeji alikuwa amezaa watoto watano. Watatu walishaombwa na watu, na mmoja angebaki kulinda zizi, kwa kuwa mama yao alikuwa anazeeka.

Siku ya nne mbwa wangu alianza kutapika. Siku ya tano akaharisha damu yenye harufu kali. Siku ya sita akafa. Nilipomfungua mdomo niliona magego ndiyo kwanza yanachungulia. Hakuwa wa miezi miwili. Alikuwa wa wiki tano hivi.

Dalili zote zilikuwa za parvo. Virusi hivi hutoka kwenye kinyesi, hushika miguuni, mikononi, kwenye nguo na vyombo, na hukaa kwenye udongo miezi mingi. Watoto wa jirani walikuwa wamevipeleka nyumbani bila kujua. Katika wiki iliyofuata watoto wanne wa mbwa wake walikufa. Mbwa mkubwa mara nyingi hustahimili, wadogo ndio huisha.

Yule mama hakunigombeza. Alikuja na jembe kuniuliza wazikwe wapi ili mbwa wengine wasifukue. Tulipomaliza kuchimba akaniuliza, "Bwana mifugo, kwani wewe mama yake hukumwona?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, anayeniuliza anunue wapi mbwa namwanzia kwenye swali lile.

Anza na kazi, siyo jina la mbegu

Jiulize mbwa huyu atafanya nini. Kulala nje ya zizi na kubweka fisi akikaribia? Kufuata mbuzi malishoni? Kulinda duka usiku? Kila kazi ina mbwa wake.

Mwindaji wa Uingereza anayenunua Labrador wa kumwokotea bata waliopigwa risasi hatosheki na rangi nzuri. Huuliza kama wazazi wote wawili walipigwa picha ya eksirei ya nyonga, na kama macho yao yalipimwa. Kisha huomba kuwaona wakiwa kazini. Mbwa yule ataogelea na kukimbia miaka yote, na ubovu wa nyonga hurithiwa. German Shepherd naye ana tatizo hilo la nyonga.

Kijijini hatuna eksirei, lakini macho tunayo. Mwangalie mama anavyoinuka, anavyotembea, anavyokimbia. Akiinuka kwa shida, au akiyumba miguu ya nyuma wakati bado ni kijana, usichukue mtoto wake.

Wala usimdharau mbwa wa kienyeji. Amezoea joto letu na chakula chetu. Mtoto wa jike wa kienyeji anayejulikana kijiji kizima kwa kulinda mbuzi ni bora kuliko mbwa wa bei kubwa ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi.

Nenda nyumbani kwa mzalishaji

Usinunue stendi, mnadani, wala kwa mtu anayesema "nitakuletea". Nenda mwenyewe mahali watoto walipozaliwa. Ukifika, angalia haya:

1. Mama yupo? Mwenye mali akikuambia mama amepelekwa shamba jingine, au amekufa, na kila ukirudi maneno yanabadilika, ondoka.
2. Mama ana tabia gani? Jike mwenye watoto anaweza kumbwekea mgeni, hilo ni la kawaida. Lakini akitulizwa na mwenyewe atulie. Jike anayejificha kwa woga, au anayerukia kila mtu hata watoto wa nyumbani, anawafundisha watoto wake hivyo hivyo.
3. Banda likoje? Si lazima liwe la saruji. Angalia kama ni kavu, kinyesi kimeondolewa, maji yapo na ni safi.
4. Watoto wote wakoje? Usimwangalie yule mmoja unayemtaka. Ukiona mmoja anaharisha, anatoa tongo machoni au kamasi nzito, jua ndugu zake wote wamekula naye na kulala naye.
5. Tumbo lao likoje? Tumbo kubwa lililovimba na mbavu zinaonekana siyo shibe. Ni minyoo.

Maswali ya kumuuliza

Uliza kwa upole, lakini uliza yote. Walizaliwa tarehe ngapi? Baba ni nani, na ana undugu gani na mama? Kumpandisha jike na kaka yake au baba yake huleta watoto dhaifu, kama unavyojua kwa mbuzi. Hili ni zao la ngapi, na lililotangulia lilikuwa lini? Jike hubeba mimba siku 63 hivi, kisha ananyonyesha. Akizalishwa kila anapoingia joto bila kupumzika, mwili wake huisha na watoto huzaliwa wanyonge.

Uliza pia watoto wa uzao uliopita wako wapi. Mzalishaji wa kweli atakutajia nyumba mbili tatu. Pita ukawaone hao mbwa waliokwisha kukua, uulize wenyewe. Hiyo ndiyo cheti chako.

Umri: usichukue kabla ya wiki nane

Mtoto wa mbwa anahitaji kukaa na mama yake na ndugu zake mpaka wiki nane. Hapo ndipo anajifunza kutong'ata kwa nguvu, maana akimng'ata ndugu yake, naye anang'atwa.

Muuzaji akikudanganya umri, fungua mdomo. Meno ya utoto huanza kutoka akiwa na wiki tatu hivi, ya mbele kwanza na magego mwishoni. Akifika wiki nane, meno ya utoto yanatakiwa yawe yametoka yote, 28. Ukikuta fizi za nyuma hazina kitu, au meno ndiyo yanachomoza, huyo bado ni mnyonyaji. Na awe anakula mwenyewe mbele yako. Mwombe muuzaji amlishe uone.

Minyoo na chanjo

Minyoo humwingia mtoto wa mbwa akiwa bado tumboni na kwenye maziwa ya mama. Kwa hiyo dawa huanza akiwa na wiki mbili, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe angalau wiki nane. Mzalishaji akuambie tarehe alizotoa na jina la dawa. Usilichukulie kama jambo dogo, minyoo hiyo huwapata hata watoto wako wanaocheza kwenye udongo ule ule.

Chanjo ya parvo na ya distempa huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, na hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Sindano moja haitoshi. Ya kichaa cha mbwa hupewa akifikisha miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha fuata ratiba ya mtaalamu wako wa mifugo. Omba kadi. Kama hakuna kadi, hesabu kwamba hajachanjwa, na upunguze bei uweze kumchanja mwenyewe.

Hapa niseme neno la kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua. Mtoto wako aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, hata kwa mchezo, hata na mbwa mdogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mzalishaji mzuri naye atakuuliza

Baada ya msiba ule nilikaa karibu mwaka mzima bila mbwa. Kisha nikasikia habari za mzee mmoja, mwendo wa saa moja kwa pikipiki, ambaye jike wake amelinda zizi miaka mitano. Nikamwendea. Nilipomaliza kumwamkia, aliniuliza maswali kabla sijamuuliza yeye. Una uzio? Nani anashinda nyumbani? Umewahi kuwa na mbwa aliyekufa, na alikufa kwa nini?

Nilimweleza yote. Akasema, "Basi kwako virusi bado viko ardhini. Nenda ukasafishe. Na hawa wana wiki sita, mwanangu. Rudi baada ya wiki mbili."

Nilimwomba nimlipe siku hiyo ili nisirudi tena. Akakataa. Mtu anayekataa pesa yako kwa sababu mtoto wa mbwa hajakomaa, huyo ndiye wa kununua kwake.

Ukifika nyumbani

Mtenge mbwa mgeni wiki mbili, mbali na mbwa wako na wa jirani. Waambie watoto wanawe mikono. Usimwachie azurure mpaka amalize chanjo, lakini mbebe azoee watu, mbuzi, kuku na kelele za pikipiki, kwa sababu anayoyazoea kabla ya miezi mitatu humkaa maisha yote.

Kama nyumbani kwako kulikufa mbwa kwa parvo, sabuni pekee haitoshi. Ondoa kinyesi chote, osha sakafu na vyombo, kisha paka maji ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja cha klorini kwa vipimo thelathini vya maji, uache dakika kumi kabla ya kusuuza. Kwenye udongo klorini haifanyi kazi vizuri, hivyo mtoto wa mbwa asiguse eneo hilo mpaka amalize chanjo.

Na wewe unayeuza

Najua baadhi yenu mnanunua watoto wa mbwa vijijini na kupeleka mjini. Biashara hiyo siyo dhambi. Lakini ukichanganya watoto wa nyumba tano kwenye boksi moja, mmoja mgonjwa anawaambukiza wote kabla hujafika sokoni. Bora umwambie mteja, "Twende ukamwone mama yake," upate kamisheni yako kwa kumfikisha. Mteja aliyepata mbwa mzima atakuletea wengine. Aliyezika hatarudi.

Nilirudi kwa yule mzee baada ya wiki mbili, kama alivyosema. Nilichukua wawili, dume na jike, kila mmoja na kadi yake. Niliwatenga, nikawachanja mpaka wiki ya 16, ndipo nikampelekea jike yule mama jirani. Hakumpokea mara moja. Alimgeuza, akamfungua mdomo, akamtazama tumbo. Kisha akaniuliza, "Na mama yake?"

Nikamwambia: ni wa kahawia, ana kovu la fisi kwenye bega la kushoto, na niliketi naye nusu siku.

Akampokea. Sasa mbwa huyo analala mlangoni kwa zizi lake.