Mawe Mawili ya Henbury

Mtu atembeaye katika uwanja wa kanisa la kale huko Uingereza huona mawe ya makaburi kila upande, mengine yameinama kama wazee. Katika miaka ya 1600 na 1700 mafundi walipenda kuchonga juu yake fuvu la kichwa, mifupa iliyopishana, na kichupa cha mchanga cha kupimia saa. Wengine walichonga vichwa vya malaika vyenye mabawa. Maskini wengi hawakuwekewa jiwe lo lote. Walipata ubao wa mti, nao ulioza upesi.

Kwa hiyo kaburi moja katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Mariamu, Henbury, pembeni mwa mji wa Bristol, humshangaza mgeni. Aliyelala hapo ni kijana Mwafrika, mtumishi wa nyumbani, aliyefariki tarehe 21 Desemba 1720 akiwa na umri wa miaka 18. Ana mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni, nayo yametiwa rangi. Nyuso za malaika waliochongwa hapo ni nyeusi.

Jina lililoandikwa ni Scipio Africanus. Bila shaka silo aliloitwa na mama yake! Scipio wa kwanza alikuwa jemadari wa Roma aliyeishinda Karthago, mji wenye nguvu uliokuwa karibu na Tunis ya leo, akapewa sifa ya Africanus kwa ushindi huo. Mtoto wa Afrika akaitwa kwa jina la mshindi wa Afrika. Jiwe lamtaja bwana wake, Charles William Howard, Earl wa Suffolk. Wazazi wa kijana na nchi yake halikuwataja. Jiwe la miguuni lina shairi lisemalo kana kwamba ni yeye anenaye, kwamba alizaliwa mpagani na mtumwa, na sasa amelala Mkristo. Mimi nayaona kuwa ni maneno ya waliomzika.

Mwezi wa Juni 2020 watu wa Bristol waliiangusha sanamu ya Edward Colston, aliyeshiriki biashara ya watumwa. Siku chache baadaye jiwe moja la Scipio lilikutwa limevunjwa vipande viwili. Watu wakachanga fedha ili liungwe tena.