Kasha tulilolificha kando ya lambo

Nilikuwa kimya, si ugonjwa wala safari, ni kazi tu za chumba cha habari. Leo nina kisa cha Misungwi ambacho kimenikaa kooni wiki ya pili sasa. Acha nikiteme.

Nina rafiki yangu aliyesoma Ujerumani. Kutoka huko kaja na shahada na mchezo. Mchezo wenyewe unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha kasha mahali, anapima mahali hapo kwa GPS, kisha anaweka vipimo kwenye intaneti ili wengine walisake. Ukilipata unaandika jina lako kwenye daftari lililomo. Ukichukua kitu, unaacha kingine cha thamani hiyo au zaidi, halafu unalirudisha palepale. Basi, hakuna kombe wala pesa.

Ulianzia Marekani. Hadi Mei 2000 serikali ya huko ilikuwa inavuruga makusudi mawimbi ya GPS wanayotumia raia, hata kipimo kikakosea kwa mita 100 hivi. Rais Clinton akaamuru uvurugaji huo ukome, na tarehe 3 Mei 2000 bwana mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini katika jimbo la Oregon na kuwatangazia wenzake ilipo. Leo makasha duniani yamepita milioni 3. Rafiki yangu akaona Misungwi nayo isibaki nyuma.

Basi Jumamosi tukapanda gari Nyegezi. Pale Usagara, wanaokwenda daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilometa 3 lililozinduliwa Juni 2025, wakakunja kulia. Sisi tukanyoosha njia ya Shinyanga, tukashuka mbele, tukamalizia kwa bodaboda hadi kwenye lambo moja.

Aliyekulia Usukuma anayajua malambo. Tuta la udongo, maji ya rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe upande mmoja na akina mama wenye ndoo upande wa pili, na chini ya tuta majaruba ya mpunga yanayosubiri maji. Mengi ni ya enzi za Mwingereza, katika ule Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947. Serikali ilichimba malambo, na papo hapo ikawataka watu wapunguze mifugo. Siku hizi lambo ndiyo bichi ya kijijini pia. Vijana wanapiga picha, wanavua kambare kwa ndoano, watoto wanaogelea japo konokono wa kichocho wamo humohumo.

Kasha letu lilikuwa kopo la plastiki tulilolizungushia nailoni nyeusi. Ndani tuliweka daftari, penseli, shanga, kioo kidogo, sarafu mbili na kitambaa chekundu. Masharti ya mchezo ni kuficha mtu asiyecheza asikuone. Tukangoja njia iwe nyeupe, tukainama, tukalisukuma katikati ya mawe mawili karibu na maji.

"Mmepoteza nini hapo, wanangu?"

Mzee, fimbo mkononi, koti la mvua juani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye yale mawe. Rafiki yangu akaanza kueleza habari za setilaiti. Aliposema mchezo kaujulia Ujerumani, mzee akatabasamu kidogo. "Kumbe. Mmefuata mali ya Wajerumani." Mnajua tena hadithi zetu, kwamba Mjerumani alipokimbia alifukia dhahabu chini ya kila jiwe.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Fungueni."

Tukafungua. Akatoa kitu kimoja kimoja na kukipanga juu ya jiwe: shanga, kioo, kitambaa chekundu. Akafika kwenye daftari. "Hili la nini?" Nikamjibu ni la kuandika majina ya watu. Nilipojisikia nikisema vile, wadau, jasho likanitoka. Kopo limefungwa nailoni nyeusi, limefichwa kwenye maji yanayonywewa na kijiji kizima, lina shanga, kitambaa chekundu na daftari la majina!

Mzee akaelekeza fimbo kwenye nyumba iliyokuwa karibu na tuta. "Mnaiona ile? Anakaa bibi peke yake. Macho yake mekundu kwa moshi wa jikoni. Mtoto angelikuta kopo hili kesho, ninyi mngekuwa Mwanza. Angeulizwa nani?"

Hakuhitaji kuendelea. Mimi ni mwandishi, habari za vikongwe waliouawa kanda hii kwa tuhuma za uchawi nimezihariri mwenyewe, na macho mekundu nimeyaandika kwenye aya ya tatu au ya nne kama maelezo ya ziada. Sikuwahi kufikiri kwamba ningeweza kuwa mtu aliyeacha ushahidi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kanuni za mchezo huo zinasema wazi kwamba kabla hujaficha kasha, upate ruhusa ya mwenye eneo. Tuliisoma, tukairuka. Na mimi siwezi kwenda kijijini kuandika habari bila kupita kwa mtendaji, lakini kwa mchezo niliona lambo ni la Mungu tu, halina mwenyewe. Mzee alituambia baba yake alisomba udongo wa tuta lile.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukalifungua kopo tena mbele ya watu. Akasema tukitaka tuliweke ofisini kwake, juu ya kabati, kila mtu alione. Rafiki yangu anasema likionekana si mchezo tena. Mimi nasema tungeanza kwa mwenyekiti, labda wenyeji wenyewe wangetuchagulia pa kulificha, na siri ingekuwa ya kijiji kizima dhidi ya wageni. Bado tunabishana, na kopo liko chini ya kitanda changu.

Wakati wa kuondoka tulipita mbele ya ile nyumba. Bibi alikuwa mlangoni anaanika michembe. Tukamwamkia. Akaitikia vizuri tu, kisha akauliza kama tumekipata tulichokuwa tunakitafuta kwenye mawe.

Alikuwa ametuona muda wote.